Risala ya Rezo Mupya na Mlango wa Chuma

Mgeni rasmi, Mama Maimouna Swedi, mwenyekiti wa chama cha wanafunzi wa zamani wa Institut Nyota ya Ziwa. Papa Prefe Aristote, mkuu wa shule yetu. Walimu na wazazi wetu. Na Mama Anne wa jikoni, ambaye bila yeye hakuna mtu humu angekuwa na nguvu ya kupiga makofi:

Keti utulie, Mama. Kiti chako ndicho pekee chenye miguu minne ya kuaminika. Tumekijaribu kwa kumkalisha mwenzetu Steve na kumwamuru acheke.

KUKUKARIBISHA

Wewe ni wa hapa. Ulilala katika bweni lilelile la wasichana, ukala bukari, yaani ugali, wa sufuria hizihizi, na inasemekana jina lako bado limechongwa nyuma ya mlango wa stoo, ingawa leo asubuhi tuliambiwa tusikuonyeshe.

Katika shule yetu hotuba ya namna hii husomwa kwa Kifaransa mpaka mgeni asinzie. Safari hii Papa Prefe mwenyewe ametuambia, "Andikeni Kiswahili. Mukikosea Kifaransa mbele ya mugeni ntawaazibu, na sitaki kuazibu muntu siku ya furaha." Papa Shehe, mwalimu wetu wa Kiswahili, ambaye babu zake walivuka ziwa na biashara zao kutoka Ujiji, akasema basi iitwe risala, na kwamba risala ni lazima iwe na heshima. Heshima tumeiweka. Ukiona imepungua mahali, ujue ni karatasi ilikatika.

Tunajua ulichokuja kufanya. Chama chenu kitaipa shule zawadi moja mwaka huu. Mlituuliza kama tunataka rezo ya shule iboreshwe, ili mtandao ufike madarasani na mabwenini, au tunataka kitu kingine. Jibu ulilotumiwa na shule linasema tunataka kitu kingine: mlango mkubwa wa chuma, wenye jina la shule kwa herufi za kung'aa.

Mgeni rasmi, jibu hilo lilitumwa kwa nia njema. Sisi tumesimama hapa kueleza jinsi nia njema ilivyopotea njia, na jinsi mtu mmoja alivyoirudisha. Mtu huyo ni Papa Delphin. Ameketi pale pembeni, na tangu tumtaje anatazama viatu vyake.

HISTORIA YA REZO YETU

Papa Delphin anafundisha fizikia. Ni mrefu, na huinama akipita mlangoni hata pale ambapo mlango unamtosha, kwa sababu kichwa chake kimeshajifunza. Alipofika Kalemie, aliyetaka kufungua ujumbe wa mtandao alipanda pikipiki hadi mjini na kurudi na vumbi. Kisha shule ikapewa kisanduku kimoja cha kurushia rezo. Kilikaa katika biro, yaani ofisi, ya Papa Prefe, kikiwaka taa ya kijani, na aliyefaidika alikuwa Papa Prefe na buibui.

Papa Delphin hakupenda kuona taa inawaka bure. Alikwenda stesheni, akaomba kipande cha reli kuukuu, akakisimika nyuma ya biro, akakifunga kisanduku juu yake. Mawingu yalipokusanyika upande wa ziwa aliteremka bandarini mbio, akarudi amebeba kreti ya ndagala, wale dagaa wakavu, kichwani. Akaigeuza kuwa nyumba ya kisanduku, na kuanzia siku ile rezo yetu ikawa na harufu. Paka wa jirani aliifuata. Alipanda reli, akajilaza juu ya kreti, na kila alipolala, rezo nayo ililala.

Wengine walishauri jiwe. Papa Delphin akasema, "Hapana. Huyu hana kosa, anafuata pua yake." Akatundika kreti ya pili kwenye ukuta wenye jua zaidi, yenye harufu kali zaidi, na paka akahamia huko kama mpangaji aliyepata nyumba bora. Rezo ikaamka. Sisi tuliosoma sura nzima juu ya mawimbi tulijifunza siku ile zaidi ya sura hiyo.

Ila mawimbi yana tabia zao. Rezo ilifika katika biro, ikafika katika chumba cha vitabu, kisha ikapita kati ya nyumba mbili na kutua kwenye sakafu ya kufulia nguo. Haikufika kwingine. Papa Delphin alitueleza kwa mishale ubaoni kwa nini kuta zinaizuia. Sisi tulielewa haraka zaidi kwa kufua. Mgeni rasmi, labda umesikia mjini kwamba wanafunzi wa Nyota ya Ziwa ni wasafi kupita wote katika jimbo. Ni kweli, na sasa umejua siri ya usafi huo. Kuna shati la Steve ambalo lilikuwa la bluu.

MAFANIKIO

Mafanikio ya kwanza ni Viviane. Yuko darasa la sita, mwaka huu anafanya mtihani wa taifa, ule tunaouita egzeta, na haoni tangu utotoni. Simu yake humsomea kwa sauti. Mama Chantal, mwalimu aliyewahi kumfundisha Lubumbashi, hurekodi masomo na kumtumia, kwa kuwa hapa hatuna vitabu vya kusomwa kwa vidole. Masomo hayo ni marefu, bando ya simu haiyatoshi, kwa hiyo Viviane huyavuta kwa rezo ya shule, ameketi kwenye ukingo wa sakafu ya kufulia na simu sikioni, huku sisi tukimrushia povu pande zote.

Ni mwerevu, tena ni mchokozi. Steve alipomsogelea kimya kimya ili amtishe, alisema bila kugeuka, "Steve, shati yako inanuka sabuni, lakini we mwenyewe bado."

Baba yake, Papa Rubens, ni mvuvi. Alitoka kaskazini mwa ziwa akahamia Moba, na alimleta bintiye hapa kwa boti akiwa na matumaini makubwa. Alipokuja hapa kumchukua likizo iliyopita, alimsikia anavyosoma, somo linakatika, anaanza upya, linakatika tena. Akasema, "Sikuleta mutoto wangu Kalemie akule nusu ya masomo. Kama rezo haitatengenezwa, atarudi nyumbani." Hakusema kwa hasira. Hasira ingekuwa nafuu, maana hasira hupita.

Mafanikio ya pili ndiyo yaliyotuletea balaa. Yalisababishwa na mwanafunzi mmoja ambaye tumekubaliana kwa kauli moja kulificha jina lake. Steve aligundua kwamba neno la siri la kukitawala kisanduku lilikuwa jina la kiwanda lililoandikwa tumboni mwake. Alichohitaji kilikuwa simu na uvivu wa mchana. Hakugusa waya wala kreti. Alibadilisha kitu kimoja tu: jina. Zamani simu zetu zilionyesha "NYOTA". Sasa zikaonyesha "REZO MUPYA".

Papa Delphin alikuwa katika chumba cha walimu alipoliona. Alielewa mara moja, kwani anawajua wanafunzi wake kama anavyowajua paka. Alishika simu ili arudishe jina la zamani, kidole kiko tayari, ndipo Papa Prefe akaingia amefungua mikono.

"Delphin! Sasa hii njo rezo! Nimefungua ujumbe wa Lubumbashi hata sijaketi!"

"Papa Prefe, hiyo..."

"Usijifiche, bwana! Ulifanya kazi kimya kimya. Rezo mupya! Mbona hukusema?"

Mwalimu wa historia, Papa Bonaventure, akaongeza kwamba picha za video sasa zinatembea "kama gari-moshi ya zamani", na kwa mtu wa umri wake hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Mama Anne alipita na chai, akasema tangu asubuhi hata bukari inaiva upesi.

Papa Delphin alikuwa amefundisha miaka mingi bila mtu kumfungulia mikono. Alikitazama kidole chake, kikamtazama. Akairudisha simu mfukoni.

Tusimhukumu. Sisi wenyewe tulisimama kwenye sakafu ya kufulia tukiapa kwamba rezo ina mbio. Aristide wa darasa la nne alisema imemfanya aelewe hesabu. Katika siku zile Papa Delphin alipita uwanjani bila kuinama, na tulipomwona tukafurahi, maana alistahili. Kosa lilikuwa kwamba tulimpa haki yake kwa kitu ambacho hakukifanya, baada ya kumnyima kwa yale yote aliyoyafanya.

CHANGAMOTO

Changamoto ilikuja pale bendera ilipokuwa ikipandishwa. Papa Prefe alitangaza kwa sauti ya sikukuu: kwa kuwa rezo yetu sasa ni mpya, chama cha wanafunzi wa zamani kisisumbuliwe na habari za rezo. Tutaomba mlango. Alieleza herufi zitakavyong'aa, hata watu wa kwenye boti wazione. Tulipiga makofi. Steve alipiga kuliko wote, kisha akaacha ghafla, mikono ikabaki hewani.

Siku hiyo mchana Papa Delphin alikuwa anakagua nguzo yake ya reli. Viviane alimfuata kwa fimbo yake, akasimama.

"Papa Delphin, samahani. Ile rezo mupya itaanza lini?"

Papa Delphin alidhani anataniwa. "Ilishaanza, mutoto wangu. Wote wanasema."

"Ilianza wapi?"

"Hapa. Kwenye simu yako pia. Mwanvua hakukwambia?"

Mwanvua, rafiki yake wa kitanda cha juu, alikuwa amemwunganishia simu siku ile jina lilipobadilika, akasahau kumwambia. Viviane hakuwa amesomewa jina. Alikuwa amesikiliza masomo tu.

Viviane alifikiri kidogo. "Aa. Basi ni mupya kwa macho. Maana kwa masikio ni ileile. Mama Chantal anasema, 'Vita hivi vilikuwa na sababu tatu.' Anasema ya kwanza. Anasema ya pili. Halafu inakatika. Jana ilikatika, leo imekatika. Mi sijawahi kusikia sababu ya tatu." Akacheka. "Labda watu walipigana bure."

Papa Delphin hakucheka. Aliuliza, "Na baba yako anasema nini?"

"Anakuja siku ya mugeni. Boti inarudi Moba jioni ileile." Akaizungusha fimbo yake mkononi. "Amesema nifunge valizi ya nguo mapema. Lakini kama rezo mupya bado haijaanza, ntamwambia angoje. Ndiyo maana nauliza."

Baadaye Papa Delphin alituambia kwamba swali lile lilimwingia kuliko swali lolote aliloulizwa na mkaguzi. Wote tulikuwa tumesoma jina. Mtu mmoja alikuwa ameisikiliza rezo yenyewe, naye hakuja kumshitaki. Alikuja kuuliza tarehe.

Alibaki chini ya reli akiitazama kreti yake. Aliipenda, ni lazima tuseme hivyo. Kila ubao aliupigilia yeye. Akisema ukweli, jina lake la juzi litaanguka, na hata kreti yenyewe itashushwa, iwekwe mashine ngeni ambayo hakuishika kwa mkono wake. Akinyamaza, shule itapata mlango mzuri, yeye atabaki fundi wa rezo, na msichana mmoja ataupitia mlango ule akiwa na valizi.

Kesho yake, kwenye bendera, aliomba ruhusa ya kusema. Papa Prefe alidhani ni tangazo la fizikia.

"Rezo munayosifu ni ileile ya zamani," Papa Delphin alisema. "Waya ile, kisanduku kile, ndagala wale. Kilichobadilika ni jina. Siku ya kwanza nilijua. Nilinyamaza kwa sababu sifa ni tamu, na sikuwa nimeionja sana. Rezo yetu haitoshi. Haifiki darasani, haifiki bwenini, na Viviane anashindwa kusoma. Nani alibadilisha jina, sitaki kujua."

"Ni mimi," alisema Steve, ambaye hajawahi kuelewa maana ya kunyamaza.

Papa Prefe alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Delphin. Unataka kusema mi nilisifia jina?"

"Ndiyo, Papa Prefe. Na mimi nilikula sifa ya jina. Tuko sawasawa."

Mgeni rasmi, tulikuwa tumejiandaa kwa radi. Papa Prefe akaitazama simu yake, akatazama mlango wetu wa sasa, ambao ni mabati mawili na kamba, akashusha pumzi. "Ile asubuhi," akasema polepole, "ujumbe ulifunguka haraka kweli. Nilisoma jina tu, nikafurahi, ukafunguka." Mtu mmoja alicheka. Alikuwa Papa Prefe mwenyewe. Kisha akakumbuka cheo chake. "Lakini ombi la mulango limeshaenda kwa Mama Maimouna. Mi siwezi kumwandikia mugeni kwamba nilidanganywa na herufi mbili tatu. Watoto waseme, kwenye risala. Mi ntakuwa pale, ntatazama mbele."

Tunakuomba umtazame sasa. Anatazama mbele. Tunamheshimu kwa hilo kuliko tunavyoweza kueleza bila kuadhibiwa.

MAOMBI YETU

Mama Maimouna, tunaomba mlango usije. Mabati yetu yanafunguka na kufungika, na kamba tumeibadilisha kwa ajili yako. Tunaomba rezo, ya kweli safari hii, ifike darasani na katika bweni la wasichana, mpaka kwenye kitanda cha chini karibu na dirisha, ambacho ni cha Viviane.

Tumesikia kwamba mashine mpya huja na fundi wake kutoka mbali, anayeifunga kwa kufuli na kuondoka na ufunguo. Tunaomba ufunguo akabidhiwe Papa Delphin, na kama kuna mafunzo, atumwe yeye. Tulipomwuliza kama hataumia kreti yake ikishushwa, alijibu, "Mi sikupenda kreti. Nilipenda mukisoma." Tunajua nusu ya kwanza si kweli. Ndiyo maana tunamwombea.

Kuhusu Steve, ameadhibiwa kufua mapazia yote ya biro. Tunamwombea msamaha, ingawa lazima tukiri kwamba anakofulia rezo ipo na hajaonekana kuteseka. Na liko ombi moja zaidi, ambalo lilipata kura nyingi kuliko yote, kwa hiyo tunalitaja kwa sauti ndogo: mashine mpya isizuie matokeo ya mpira.

KUFUNGA

Kwa desturi mgeni rasmi husikiliza risala, hula, kisha hujibu. Mama Anne amepika kuku, samaki wa mgebuka na sombe ya majani ya muhogo, na harufu imekufikia kama ilivyotufikia sisi. Hata hivyo tunakuomba, kwa heshima na kwa njaa, ugeuze desturi: ujibu kwanza.

Sababu iko mstari wa nyuma. Yule mzee mwenye kofia mkononi ni Papa Rubens. Alifika asubuhi, na boti yake inaondoka kabla sahani hazijaoshwa. Karibu na mguu wake kuna valizi ya kahawia. Ni ya Viviane. Aliifunga mwenyewe jana, akakataa tumsaidie, na sasa ameketi kando ya baba yake, uso ameuelekeza huku kwenye sauti yetu, kwa kuwa anajua baada ya sauti yetu itakuja yako.

Ukisema ndiyo, valizi hiyo itafunguliwa hapahapa, mbele ya wazazi wote, na Mwanvua ameshajitolea kukunja nguo upya. Ukisema hapana, hatutakulaumu, kwa sababu uliombwa mlango na mwombwaji hutoa alichoombwa. Tutaibeba valizi sisi wenyewe hadi bandarini, darasa zima la sita, kwa zamu. Lakini tukirudi usituombe wimbo.

Mungu akuzidishie afya, Mama, akupe maji tulivu unaposafiri na masikio makali unapoamua, na watoto wako wasikose mwalimu kama tuliyenaye. Tumemaliza kusema. Sasa tunakusikiliza.

Ni sisi, watoto wako wa bweni,
Wanafunzi wa Institut Nyota ya Ziwa, Kalemie.